Deni Lisilo na Mdai

Kosa, hatia na sababu ni maneno matatu ambayo kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu kuyatenga. Kosa ni tendo lililokwenda kinyume cha wajibu. Hatia ni hali ya mtu aliyelitenda. Sababu ni kile kilicholeta jambo, kiwe na nia au kisiwe nayo. Mvua ni sababu ya mafuriko, lakini mvua haina hatia. Mtu aliyelewa akaendesha gari na kumgonga mpita njia ni sababu ya msiba, na hatia anayo. Mbele ya ubao somo hili ni jepesi. Mwanafunzi asiyelielewa katika saa ya kwanza hulielewa katika saa ya pili. Mimi niliyelifundisha nilihitaji miaka 7 kulielewa, na aliyenifundisha alikuwa mtoto.

Nina binti mwenye ugonjwa wa selimundu. Umri wake sasa ni miaka 11. Kabla hajazaliwa nililipenda sana neno hili, selimundu, nikalitumia darasani kuwa mfano wa istilahi iliyoundwa vyema: seli, chembe ndogo ya mwili, na mundu, chombo cha mvunaji. Niliwaeleza wanafunzi kwamba mwaka 1910 daktari mmoja wa Chicago, James Herrick, alichapisha habari za kijana mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada, ambaye katika damu yake zilionekana chembe zilizopinda kama mundu. Baadaye maradhi yakaitwa kwa jina la chombo hicho, na Kiswahili kikakipokea chombo pamoja na maana. Wanafunzi walicheka kwa furaha, nami nilijiona mtu mwenye bahati, maana si kila siku mwalimu hupata mfano mwepesi. Sikujua kuwa neno lile lilikuwa njiani kuja nyumbani kwangu.

Binti yetu alikuwa na miezi 9 mikono na miguu yake ilipovimba. Alilia usiku kucha kilio ambacho hakikufanana na kilio cha njaa wala cha usingizi. Hospitali walichukua damu yake, kisha wakachukua yetu. Daktari alitwaa kipande cha karatasi akachora duara mbili, moja ya baba na moja ya mama, na katika kila duara akatia rangi nusu. Alisema kwamba mimi na mke wangu tu wazima, lakini kila mmoja wetu amebeba nusu ya urithi wa maradhi haya; na kwamba wazazi wa namna yetu, katika kila mimba, wana nafasi 1 katika 4 ya kupata mtoto mwenye ugonjwa. Alieleza kuwa chembe nyekundu ya damu iliyo nzima huishi siku 120 hivi, na iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu. Kwamba chembe zilizopinda huganda na kuziba mishipa midogo, na mahali damu isipopita maumivu huingia. Nilikunja karatasi ile nikaitia mfukoni.

Usiku ule niliitazama mikono yangu kama mtu atazamavyo mikono iliyoiba. Nilisema moyoni: nimempa mwanangu jina langu, nimempa na maumivu. Toka siku ile nikawa mtumishi wa dawa. Nilihesabu vidonge vya asidi ya foliki, nikaandika saa za penisilini, nikafunga chandarua kwa mikono yangu mwenyewe, nikampima joto mtoto aliyelala salama mpaka akaamka akilia. Nilisoma maandishi ya tabibu hata nikaacha kusoma ya taaluma yangu. Watu walinisifu wakasema, huyu ndiye baba. Laiti wangalijua! Mtu anayelipa deni huonekana mwema kwa wote isipokuwa yule aliye mbele yake, ambaye huona kwamba anahesabiwa, wala hachezewi. Nilimnunulia binti yangu wanasesere wengi, lakini nadhani katika miaka ile sikuketi chini nikacheza naye kwa mwanasesere hata mmoja.

Msomaji ambaye hajaketi katika mabaraza ya kliniki za watoto wagonjwa hawezi kujua jinsi mahali pale palivyojaa mahakimu. Mimi nimeketi pale asubuhi nyingi. Yuko mama wa mtoto mwenye kichwa kilichojaa maji, anayejiuliza kama ni kwa sababu alilima mpaka mwezi wa nane wa mimba. Yuko baba wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, anayekumbuka kuwa usiku wa uchungu alitafuta gari kwa saa mbili akalikosa, akaona kama kwamba yeye ndiye aliyezificha gari zote za mji. Yuko bibi aliyesadiki kuwa ulimi wake ulimwapiza mjukuu. Kila mmoja amejishitaki mwenyewe, amejitolea ushahidi, amejihukumu na kujifunga, na hapana aliyemwita wakili. Na watoto wao wameketi magotini wakitazama nyuso zao.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kalamu yangu haipendi kuliandika. Mwezi ule binti yetu alipopimwa, shangazi yangu alikuja kutujulia hali. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, nami humheshimu kama mzazi. Aliketi ukumbini, akamtazama mtoto, akasema kwa sauti iliyofika jikoni, “Mwanangu, katika ukoo wetu hapana maradhi haya. Mtoto huchukua ya kwao mama.” Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Karatasi ya daktari, yenye duara mbili zilizotiwa rangi sawasawa, ilikuwa mfukoni mwangu. Ilinipasa kuitoa tu. Nilisema, “Shangazi, chai inapoa.” Mke wangu aliweka sinia chini, akarudi jikoni. Habari ile ilienea katika ukoo, na kila sherehe mke wangu alitazamwa kama mtu aliyeingia na nuksi. Nami nilikuwa nikijitesa kila usiku kwa ajili ya damu yangu, ambayo sikuichagua, na wala sikujitesa hata usiku mmoja kwa ajili ya ukimya wangu, ambao niliuchagua.

Mtoto alipokuwa na miaka 5 lilitupata kubwa zaidi. Asubuhi moja alipokuwa akinywa uji, kikombe kilimponyoka. Alisema, “Baba, mkono wangu umelala.” Nilikuwa na rundo la karatasi za mitihani zilizotakiwa siku ileile. Niliusugua mkono wake, nikamwambia utaamka, nikaenda kazini. Saa sita mke wangu alinipigia simu: mdomo wa mtoto umekwenda upande, na mguu wa kuume haumchukui. Kilikuwa kiharusi. Mishipa ya ubongo nayo ni mishipa, na chembe zilizopinda hazichagui pa kupita. Nilimuuliza daktari kama saa zile za asubuhi zingalibadili neno. Alinitazama kwa muda. Hakusema ningeliweza kumwokoa, wala hakusema nisingeliweza. Alisema, “Siku nyingine, mara tu mkono au uso au usemi ukibadilika, mlete.” Kwa huruma yake au kwa ukweli wake, alininyima hukumu.

Toka hapo maisha yetu yalipata kalenda nyingine. Ikawa lazima mtoto aongezewe damu mara kwa mara, ili kiharusi kisirudi. Na damu haiuzwi dukani, basi nikawa mtu wa kubisha hodi kwa jamaa na wafanyakazi wenzangu nikiomba mikono yao. Ikaja dawa ya haidroksiyurea, pamoja na kupimwa damu kila wakati kwa ajili yake. Yakaja mazoezi ya mkono wa kuume: kubana vibanio vya nguo, kuokota maharage moja moja, kufunga vifungo. Mke wangu aliyageuza mazoezi kuwa mchezo. Mimi niliyageuza kuwa ibada ya toba. Kila harage lililoanguka nililiona limeandikwa jina langu.

Mwalimu wangu alinifundisha alipokuwa na miaka 8. Ilikuwa usiku wa masika, baridi ya mvua imeingia nyumbani. Niliamka kumpima joto kama ilivyo desturi yangu, nikamkuta amekaa gizani, ameuma pindo la shuka, macho yamejaa machozi, na sauti haitoki. Nilipomgusa alikuwa moto. Alikuwa na maumivu ya kifua tangu magharibi. Alikula chakula cha jioni, akacheka tulipocheka, akaaga, akaenda kulala na maumivu yake. Tulipofika hospitali pumzi ilikuwa fupi kama ya mtu aliyekimbia. Kifua kikiziba kwa maradhi haya ni hatari ya kufa, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kifo kilikuja mpaka mlangoni usiku ule. Siku ya tatu kilirudi kilikotoka.

Siku ile ya tatu nilimuuliza kwa nini alificha. Alinyamaza, akawa anavutavuta bendeji ya mkononi. Halafu akasema, “Baba, nikisema naumwa, uso wako hubadilika. Mama huleta maji. Wewe hubadilika uso. Nilitaka ulale.”

Mtu aweza kusoma vitabu vingi juu ya maana ya maneno asipate maelezo kama hayo. Nilidhani majuto yangu ni namna ya mapenzi. Kwamba kwa kuumia namlipa mwanangu sehemu ya maumivu yake. Kumbe mlipaji alikuwa yeye. Alikuwa na maradhi yake, na juu ya maradhi yake amepewa kazi ya kuniuguza mimi. Na dawa aliyoiona inanifaa ilikuwa ni kunyamaza, jambo ambalo karibu limtoe roho. Sikuwa na haja ya kumuuliza amejifunza wapi kunyamaza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na katika nyumba ile bingwa wa kunyamaza nilikuwa mimi.

Tuliporudi nyumbani nilifanya kama nifanyavyo darasani. Nilitwaa karatasi nikaigawa mafungu matatu, nikaanza kuyapanga mashitaka yangu yote ya miaka 7.

Katika fungu la kwanza niliandika urithi. Urithi huu ni sababu, wala si kosa. Mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa uchunguzi alioufanya katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki kwamba watu waliobeba nusu ya urithi wa selimundu hukingwa kwa kadiri kubwa na malaria kali. Ndiyo maana urithi huu ulionekana kwa wengi katika pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na kwa wachache katika nyanda za juu ambako mbu hawakustawi. Mimi ni mtu wa Tanga. Mke wangu alizaliwa kando ya Ziwa. Huenda bibi yangu wa bibi aliivuka homa iliyowaua watoto wa jirani kwa sababu ya kitu kilekile kinachomtesa mwanangu. Elimu hii haikumpunguzia mwanangu maumivu hata chembe, wala sidai kuwa ni faraja. Ilinionyesha tu kwamba nilikuwa nikilipa deni lisilo na mdai. Nani angenidai? Mababu waliookoka? Mbu? Mtoto mwenyewe hakunidai, alitaka maji. Deni lisilo na mdai halina mwisho, kwa maana hapana awezaye kulipokea wala kulisamehe, na anayelilipa hutumia mali ya watu wengine: saa za mtoto, kicheko cha nyumba, usingizi wa mke.

Mtu atauliza: je, hamkuweza kupima damu kabla ya ndoa? Naam, kipimo kilikuwapo, na sisi hatukujua kuwa kinatuhusu. Kutojua si kosa. Lakini kujua na kunyamaza ni kosa, na kwa sababu hii kila mwaka huwaeleza wanafunzi wangu, ambao wengi wao wanakaribia kuoa na kuolewa, waende wakapimwe, ili wachague wakiwa na macho.

Katika fungu la pili niliandika sinia ya chai. Hili lilikuwa kosa, na tofauti yake na lile la kwanza ni kuwa mdai wake alikuwa hai, alilala chumba kimoja nami. Siku ya Idi iliyofuata jamaa walikusanyika kwetu. Niliitoa karatasi ya daktari, ambayo ilikuwa imechakaa katika mikunjo, nikaeleza zile duara mbili kama nielezavyo somo. Nikasema kwamba nusu ya maradhi haya imetoka katika ukoo wetu. Kwamba nililijua jambo hili tangu siku ile Shangazi alipokuja. Na kwamba nilimwacha mke wangu abebe peke yake mzigo wa watu wawili. Nikamwomba radhi mbele yao.

Palikuwa kimya. Shangazi aliinamisha kichwa kwa muda mrefu, akauliza, “Na mimi ninayo hiyo nusu?” Nikamjibu kwamba huenda anayo. Akaanza kulia. Alitueleza habari ya mwanawe wa pili, ambaye mimi sikupata kumwona, aliyefariki akiwa na miaka 3, mikono ikimvimba, baada ya watu kumwambia mamaye kuwa alivunja mwiko. Zaidi ya miaka 40 alikuwa ameamini kwamba alimuua mtoto wake kwa mguu wake mwenyewe, kwa kupita mahali asipopaswa kupita. Hapana awezaye kusema leo mtoto yule alikuwa na ugonjwa gani. Lakini nilifahamu kwa mara ya kwanza kwamba maneno yake ya ukumbini hayakuwa kiburi cha ukoo. Alikuwa ameufunga mlango huo kwa komeo, naye akaogopa tusije tukaufungua.

Mke wangu hakuniambia maneno matamu. Usiku, watu walipokwisha kwenda, alisema, “Nilikungoja miaka 7.” Nikasema najua. Akasema, “Hujui, lakini umeanza.” Hivyo ndivyo deni lenye mdai lilivyo: ni chungu kulipa, lakini linapungua.

Katika fungu la tatu niliandika kikombe cha uji, nikashindwa kuendelea. Asubuhi ile si mvua, wala si ulevi. Sikujua, lakini niliambiwa. Niliambiwa na mtoto wa miaka 5, nami nikasikiliza karatasi. Huenda ningelimchukua mara ile mkono wake ungelikuwa mzima, huenda usingelikuwa. Katika mambo ya namna hii yapo ambayo hayatapata hukumu duniani, na mtu mwenye akili hana budi kuyabeba bila hukumu, kama abebavyo kovu. Nililoweza kufanya lilikuwa ni kuifanya asubuhi ile kuwa kanuni. Walimu wake wote wanajua sasa kuwa uso ukienda upande, au mkono ukilala, au maneno yakikwama, hapana kungoja kengele. Na binti yangu nilimwambia, “Siku ile uliposema mkono umelala, ulisema kweli, nami sikukusikiliza. Nisamehe, mwanangu.” Alifikiri kidogo, akasema, “Kile kikombe kilikuwa cha Mama. Alikipenda.” Basi tukaenda dukani, sisi wawili, tukatafuta kikombe kinachofanana. Hatukukipata, tukanunua kingine.

Nawaandikia wasomi, na wasomi hupenda kujua mwisho wa hoja. Hoja yangu ni fupi. Mzazi wa mtoto mgonjwa asijaribu kuyafukuza majuto yote kwa pamoja, kwa maana mengine ni ya haki. Wala asiyakaribishe yote, kwa maana mengine ni wezi. Ayatenge. Palipo na kosa, amtafute aliyekosewa, amwombe radhi. Palipo na sababu tu, aifahamu, kisha aachane nayo. Na pasipo na jibu, apaache palivyo, afanye kazi ya leo. Siandiki kama mtu aliyefuzu. Uso wangu bado hubadilika.

Lakini tumefanya mapatano, mimi na binti yangu. Maumivu huyataja kwa hesabu, toka 1 hadi 10, na ameahidi kuitaja hesabu hiyo hata saa nane za usiku. Juma lililopita nilisikia sauti yake toka chumbani, “Baba, 6.” Nilichukua dawa na bilauri ya maji, nikaenda. Aliniangalia usoni kwa makini, kama daktari amwangaliavyo mgonjwa, akauliza, “Umehuzunika?” Nikasema, “Nimehuzunika. Lakini huzuni yangu si kazi yako.” Akaitia dawa kinywani, akaonja maji, akakunja uso.

“Ya baridi,” akasema. “Niletee ya vuguvugu.”

Nikaenda kuyapasha.